Tulimchapa Wafula mikanda kwa kosa langu

Wakuu, niaje. Naandika kutoka Kibera, upande wa Olympic. Nitasema vile ilikuwa, hata pale naonekana mbaya. Jeshi nilishaacha, na kambi sitaitaja.

Wafula nilimjua siku ya recruitment. Yeye wa Kawangware, mimi wa Kibera, so tukashikana. Mtu mpole, mwepesi wa kucheka, lakini mzito wa kukimbia. Platoon ikiadhibiwa, macho yote yalienda kwake.

Kulikuwa na desturi. Mmoja akikosea, tunarushwa kichura sote mpaka miguu inakataa. Halafu afande anasema mmalizane wenyewe, anaenda kunywa chai.

Hapo tunapanga mistari miwili, mikanda mkononi, na mwenye kosa anapita katikati. Usipochapa, unafuata wewe. Na hizo mikanda zilikuwa na buckle ya chuma.

Asubuhi moja maji yalipotea kambini. Nikafungua mfereji wa bafuni, kukavu, nikauacha wazi nikaenda parade. Wale wa mtaa wetu mnaelewa. Nyumbani unaacha mfereji wazi ndio ukisikia maji yamerudi ukimbie na mtungi.

Maji yalirudi tukiwa parade. Tenki lote likaishia sakafuni.

Tuliruka kichura jua likiwa utosini, na hakuna aliyesema ni yeye. Mimi nilinyamaza. Niliogopa, ni hivyo tu. Mtu akasema wa mwisho kutoka bafuni alikuwa Wafula, na platoon ikatosheka na hiyo.

Wafula alinitazama kabla aingie katikati. Alikuwa ameniona nikifungua ule mfereji. Akaingia tu.

Alipofika kwangu nilichapa kwa nguvu, nisije nikashukiwa. Buckle ikamwingia jicho la kushoto.

Ripoti iliandikwa kwamba alianguka kwa mazoezi. Mimi nilisaini kama shahidi. Jicho halikupona, na akarudishwa nyumbani kabla ya pass-out, ile parade ya kuhitimu.

Mwaka jana, nikiwa nimeshatoka jeshi, nilijikaza nikaenda kwao Kawangware. Mama yake anauza mboga karibu na Riruta. Alinipikia chapati, akanishukuru kwa kuwa rafiki ya mtoto wake. Wafula alikuwa ameketi kando yangu.

Halafu akaniuliza, polepole, "Wewe ulikuwa huko. Niambie ukweli, mwanangu, kweli alianguka?"

Nilifungua mdomo. Wafula akaniwahi.

"Mathe, si nilishakushow nilianguka. Wachana na yeye akule."

Nikakula.

Wakuu, kuna watu hapa husema hizo vitu hujenga mwanaume. Nimekasirika na huyo afande mpaka leo, lakini mkanda alikuwa ameushika nani? Mtoto wako akienda huko, mwambie akubali kosa lake mapema, hata kama litamuuma.

Mliopitia hizi kambi, semeni yenu hapo chini, na mkitaka kunitusi, nitasoma yote. Ila msiniulize kama nimerudi kumwambia yule mama. Sijarudi.