Kiti cha Mtani

Kila kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa ulipoanza kutanda chini ya milima ya Matogoro, baba mkubwa aliyavua magari yake maturubai. Yalikuwa mawili, yote ya milango miwili, yote yamenizidi umri. Jeupe alilinunua kwa padri mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao kuzeeka. La kijani alilikuta Namtumbo kwenye banda la tumbaku, kuku wanatagia nyuma ya viti. Aliyafufua yote mawili kwa mikono yake, hapo hapo uani kwake Lizaboni, mjini Songea, kando ya mashine yake ya kusaga. Waliokuja na mahindi walizoea kumkuta mwenye mashine yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana, na wakimsalimia shikamoo, marahaba inatokea uvunguni.

Hakuwa dereva wa mashindano makubwa. Walikuwa watu wachache wa Songea, Mbinga na Njombe, kila mmoja na kazi yake na gari lake la zamani, waliokutana mara moja kwa mwaka kushindana kwenye barabara ya vumbi inayoelekea Maposeni. Mshindi alipewa mbuzi, na mbuzi huyo aliliwa jioni hiyo hiyo na wote walioshindwa. Nimejaribu kuandika habari za watu waliopenda vitu vikubwa kuliko hivyo, na kila mara narudi kwenye uso wake anapowasha injini: amefumba macho, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayesikiliza mtoto wake akipumua usingizini.

Kiti cha kushoto kilikuwa cha mtani wake. Huyu alikuwa Myao wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho aliyekuja Songea akiwa kijana na kupanga nyumba nyuma ya kwetu. Kazi yake ndani ya gari ilikuwa kumtajia dereva barabara kabla haijafika: kona, shimo, daraja. Kazi yake nje ya gari ilikuwa kumtukana. Babu zao walichinjana, wao wakarithi matusi, na sijapata kuona watu wawili wanaopendana vile.

Asubuhi ya mashindano, kabla gari halijatoka uani, Myao alitandika mkeka mbele yake, akajifunga kanga ya mama mkubwa kiunoni na kuanza kulia msiba.

"Jamani Wangoni, njooni mumwone ndugu yenu! Anakufa na tumbo limejaa ugali, hata kuusaga hajamaliza!"

"Toka njiani, Myao," baba mkubwa alijibu, mkono mmoja nje ya dirisha. "Nikikukanyaga, Tunduru watanichinjia ng'ombe."

"Nikanyage. Mkeo nimeshamrithi tangu jana. Shemeji, maji ya kuoga yako tayari?"

"Yako tayari," mama mkubwa alisema kutoka jikoni, "lakini na wewe unanuka petroli. Nitakuwa nimebadilisha nini?"

Uwanja mzima ulicheka. Myao hakuinuka mpaka apewe kuku au kofia ya dereva, kama watani wafanyavyo makaburini, kisha alikunja mkeka, akaingia kushoto, wakaondoka huku wanatukanana. Nilikua nikiona hivyo. Kwangu mimi kiangazi kilikuwa kilio hicho cha uongo, kisha vumbi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimerudi nyumbani kumaliza kitabu. Nilikaa kwa baba mkubwa kwa sababu kwake kulikuwa na chumba chenye meza. Siku za kwanza sikuona kitu. Halafu asubuhi moja alinimiminia chai, na chai ikapita kushoto kwa kikombe, ikatiririka mezani, yeye anaendelea kumimina na kunieleza habari za kabureta. Nilidhani ni maongezi yamemnogea. Siku nyingine alimgonga mbuzi wa jirani wakati anatoka getini, mbuzi mweupe, mchana kweupe, amesimama tu upande wa kushoto. Alilipa, akaomba radhi, akasema mbuzi wa siku hizi hawana adabu. Kioo cha pembeni cha kushoto cha lile gari jeupe kilikuwa kimevunjika. Alikibadilisha. Kikavunjika tena.

Kisha Myao akanifuata mashineni, akanisalimia vizuri.

"Hujambo binti. Umeamkaje?"

Tangu nikiwa mdogo aliniita mwizi wa ng'ombe, mla panya, mjukuu wa wakimbizi. Hakuwahi kuniuliza nimeamkaje.

"Baba yako mkubwa haoni kushoto," alisema. Sauti ya mashine ilikuwa kubwa, ikabidi asogee sikioni kwangu. "Ni ile presha ya macho. Mama yangu ilimwanza hivyo hivyo, inakula pembeni kwanza, mwenyewe hajui. Tukifanya mazoezi namtajia kona ya kushoto, anakata amechelewa. Anasikia mdomo wangu tu, barabara haioni."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka." Alijifuta unga usoni. "Binti, mimi nimemzika huyu mtu kila mwaka. Nikimwambia utakufa, si ndiyo salamu yetu? Nimesema kwa upole, akacheka. Nimesema kwa ukali, akacheka zaidi. Mwambie wewe. Wewe si mtani wake."

Jioni hiyo nilimwambia, mama mkubwa amekaa kando yangu akichambua dagaa. Nilisema taratibu, kwa adabu yote ya mtoto anayemwambia mkubwa jambo zito. Nilitaja macho, nilitaja hospitali, nilitaja yule mbuzi. Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha tabasamu likaanza kumtambaa mdomoni.

"Amekutuma Myao."

"Baba, hata mimi mwenyewe nimeona."

"Amekutuma!" Alipiga paja. "Mwaka huu ameanza mapema. Anataka nitetemeke kabla sijafika barabarani. Mwambie amechelewa, mimi nilianza kumwogopa tangu nilipoonja mboga ya mke wake."

Mama mkubwa aliacha dagaa. "Mume wangu, nenda ukapimwe. Nenda tu, halafu urudi umcheke."

"Nitakwenda baada ya mashindano."

Alisema bila kumwangalia. Alikuwa amekaa mkewe yuko kushoto kwake, na mpaka leo sijui kama alimwona akilia.

Wiki ile upepo haukutulia. Moto wa mashamba ulivuka mpaka wake ukala nyasi za mlimani, na asubuhi tulikuta majivu kwenye ndoo za maji. Baba mkubwa alifurahi. Alisema ardhi kavu inashika tairi vizuri.

Siku ya mashindano watu walijaa uani kama kawaida, kwa sababu wengi hawakuja kwa ajili ya magari, walikuja kumsikia Myao. Injini ya lile jeupe ilikuwa inanguruma. Baba mkubwa alikuwa ameshatoa mkono dirishani, kuku amefungwa miguu, tayari.

Myao alikuja bila mkeka. Alisimama mbele ya gari, helmeti kwapani.

"Ndugu yangu," alisema, "nakuomba. Usiendeshe leo."

Watu walisubiri aendelee. Alipoona wanasubiri, akarudia, na safari hii sauti ilimkatika. "Nakuomba kwa jina la Mungu. Shuka."

Mtu mmoja nyuma yangu akapiga makofi. "Leo kaja na mpya!" Basi uwanja ukapasuka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanamke mmoja alimwiga, "Nakuomba, shuka," na kicheko kikaanza upya. Baba mkubwa alicheka kuliko wote, paji la uso juu ya usukani.

"Myao! Wallahi leo umeniweza. Karibu nishuke kweli!"

Myao alitazama watu. Alinitazama na mimi, nami nilikuwa nimeshaanza kusema kitu, lakini nani angesikia. Kisha akavaa helmeti, akafungua mlango wa kushoto, akaingia. Kuku hakumchukua. Nilielewa kwa nini anaingia. Kama asingekaa pale, upande ule wa gari ungekwenda peke yake.

Mimi na mama mkubwa tulitangulia kwa bodaboda mpaka kona moja kabla ya Maposeni, mahali ambapo barabara inakata kushoto kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Magari mawili yalipita. Vumbi lilipotua, mzee mmoja aliyebeba magunia ya mkaa kwenye baiskeli alitoka kwenye kichaka alichokuwa amejibanza, akaanza kuikokota baiskeli pembezoni, upande wa kushoto. Tulimpigia kelele. Alitupungia mkono.

Gari jeupe lilikuja kwa kasi, na lilikuja moja kwa moja. Halikuyumba, halikupunguza, na dereva wake alikuwa ametulia kama mtu aliye na barabara yote. Kisha nikaona mkono wa Myao unashuka katikati ya viti. Matairi ya nyuma yalipiga yowe. Gari likazunguka, mkia ukapita jirani kabisa na magunia ya mkaa, likaruka mtaro, likasimama katikati ya shamba, pua limegeuzia lilikotoka. Myao alikuwa amevuta breki ya mkono.

Wote wawili walitoka wazima. Watu waliokuwa kando ya barabara walikimbilia pale.

"Umenivunjia gari," baba mkubwa alisema.

"Ulikuwa unaua mtu."

"Mtu gani?"

Myao alinyoosha kidole. Mzee wa mkaa alikuwa amekaa chini, baiskeli imemlalia miguuni. Baba mkubwa ilimbidi ageuze kichwa chote, kisha mabega, ndipo akamwona. Wote tulimwona akigeuka.

"Kipofu anashindana na waonaji!" Myao alisema, na hakuwa anatania hata kidogo, lakini maneno yalitoka katika mwendo ule ule uliozoeleka, na watu wakacheka. Walicheka hapo shambani, mbele ya gari lililopinda.

Baba mkubwa hakucheka. Alivua helmeti, akajifuta vumbi, akampa Myao mkono.

"Asante sana, bwana," alisema. "Nashukuru kwa msaada wako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita bwana.

Baada ya hapo walisalimiana. Hilo ndilo neno ninaloweza kulitumia. Kila asubuhi Myao alipita mbele ya mashine, na kila asubuhi niliwasikia. "Habari za asubuhi, bwana." "Nzuri, bwana. Nyumbani hawajambo?" "Wote wazima, tunamshukuru Mungu." Kila mmoja akaendelea na njia yake. Wasingepigana ngumi yakaisha? Hizo salamu zikianza, wateja mashineni waligeuka kuwatazama. Hospitali baba mkubwa hakwenda. Kwenda kungekuwa kukubali kwamba siku ile mwenzake hakuwa anatania, na kwamba yeye alimcheka mtu anayemlilia kweli.

Msimu wa korosho ulipofika Myao alihamia Tunduru, akaaga kwa adabu. Baba mkubwa alinyoosha bodi ya lile gari jeupe kwa nyundo, siku baada ya siku. Mama mkubwa alimwambia ampigie simu mwenzake.

"Nimwambie nini? Akitaka kurudi atarudi na matusi. Siku akinitukana nitajua yameisha."

"Na yeye huko anasubiri la kwako."

"Basi tusubiri."

Mvua za kwanza zilinyesha. Jumapili moja, baada ya misa, alilitoa gari jeupe. Hakukuwa na mashindano wala watu. Mama mkubwa alisimama getini akamuuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda kulinyoosha miguu. Kiti cha kushoto alikuwa amekipangusa. Lilipinda kuelekea njia ya Maposeni, mlio wake ukapungua kidogo kidogo, na mama mkubwa hakuondoka getini hata baada ya kwisha.

Walimkuta mchana kwenye kidaraja kidogo, mahali ambapo barabara imenyooka kabisa. Tairi la kushoto lilikuwa limepita nje ya ukingo. Gari lilikuwa limelala juu chini kwenye kijito, na waliomtoa walisema hakuwa ameshika breki. Hakuona sababu ya kushika.

Uani palijaa watu kabla ya saa kumi. Mama mkubwa, akiwa amekaa chini kati ya wanawake, aliniita akaniambia nimpigie Myao. Niliingia jikoni, nikaziba sikio moja kwa ajili ya vilio vya nje.

"Shikamoo baba," nilisema. "Baba mkubwa amefariki. Amepata ajali na gari."

Kwanza nilisikia pumzi. Kisha Myao akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha furaha, cha mtu aliyetuliwa mzigo, na nyuma yake nilisikia anamwita mkewe aje asikie.

"Hatimaye!" alipaza sauti. "Nilijua atashindwa kunivumilia! Mwambie maiti akae vizuri, nakuja kumvua viatu! Na hao waliaji aliowapanga hapo nyuma wanalia vibaya, hawamjui marehemu alivyokuwa mchoyo!"

"Baba, si utani."

"Ndivyo alivyokufundisha useme? Mngoni huyu! Mpe simu, binti. Mpe mwenyewe niongee naye, nimemkumbuka."

Nilitoka nje nimeshika simu mbali na sikio, kicheko chake kinasikika kiganjani kwangu. Wanawake walinyamaza mmoja mmoja. Mama mkubwa akanyoosha mkono, akaichukua, akaiweka sikioni, akamwacha acheke kidogo.

"Shemeji," alisema.