Siku Niliyotakiwa Kuapa

Watu huniuliza kwa nini nakunja uso nikisikia neno "kamati". Basi leo nasema. Nilisomea ualimu katika chuo kimoja hapa Mjini, na mwaka wa mwisho niliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuibia mtihani. Sikuibia. Nalisema mapema ili asije mtu akakaa anangoja nikiri.

Majibu yangu ya saikolojia ya elimu na ya kijana aliyekaa nyuma yangu yalifanana, mpaka mfano wa mtoto anayejifunza kufunga mwani kwenye kamba kwa kumtazama mama yake. Mfano ule ni wangu. Mimi mtu wa Chwaka, kijiji cha pwani, mama yangu mkulima wa mwani, na mtoto mwenyewe ni mimi. Kijana yule kakulia ghorofani huku Mjini. Mwani kama kauona basi kauona ndani ya sabuni wanazouziwa watalii. Ungedhani kamati ingeanzia hapo. Wapi!

Tuliingizwa sote wawili pamoja. Nyuma ya meza walikaa wanaume wanne na mwanamke mmoja, katibu wa kamati, mtu mzima ambaye wanafunzi wote tukimwita Mama. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika. Sambusa zilikuwa mezani, na mmoja wao alinihoji huku anatafuna.

Nikaamkia, nikaitikiwa, nikaomba kusema. "Mwalimu, tuulizeni swali lile lile sasa hivi, mmoja mmoja, mwengine atoke nje. Mtajua nani kaandika lake."

"Hapa si chumba cha mtihani," mwenyekiti akanijibu. "Sisi tunatafuta ukweli."

Ebo! Ukweli gani huo unaotafutwa kwa kukataa kuuliza? Kanuni za chuo tulizitia saini siku ya kwanza, na mimi nilizisoma zote. Zinasema mtuhumiwa asikilizwe na ushahidi upimwe. Mwenyekiti hakupima kitu. Aliinuka akauteremsha msahafu kutoka kwenye rafu, akauweka mezani, akatwambia kila mmoja aweke mkono aape, yaishe, watu wana kazi.

Yule kijana hakungoja kuambiwa mara ya pili. "Wallahi, billahi, tallahi, sikutazama karatasi ya mtu!" Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Nilisisimka mwili mzima kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Zamu yangu ikafika, nami nilikuwa kwenye siku zangu. Mwanamke aliye kwenye siku zake hashiki msahafu, na kwetu hilo analijua hata mtoto wa madrasa. Lakini nilisemeje mbele ya wanaume wanne na kijana aliyeniibia? Nikasema lile tunalolisema sisi wanawake, na mwenye akili hufahamu.

"Leo siwezi kushika msahafu, Mwalimu."

"Leo huwezi?" Mwenyekiti akavua miwani. "Lini utaweza?"

"Wiki ijayo, inshallah. Lakini kama ni kuapa, ntaapa sasa hivi kwa mdomo, bila ya kushika."

Wakacheka. Yule wa sambusa akasema siku hizi ukweli nao una ratiba yake. Mwenyekiti akasema mwenzangu kashika, basi na mimi nishike, au watajua wanachokijua.

Mpaka leo damu inanichemka. Watu wazima wale, wana wake, wana mabinti! Waulize masuala ya twahara, hedhi na yote, watakupa darsa mpaka magharibi iingie, na wala hawaoni haya. Lakini msichana mzima kasimama mbele yao, kasema leo hawezi, wiki ijayo ataweza, hakuna hata mmoja aliyefahamu, au waliofahamu wakajifanya mabubu. Sijui lipi baya zaidi.

Nikamtazama katibu. Akateremsha macho, akaanza kuzipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Hukumu haikuchelewa. Kijana kaapa, hana kosa. Mimi nimekataa kuapa, kwa hiyo nimeibia, nirudie mwaka mzima. Mama yangu alikuwa ameshawaambia jirani kwamba mwakani anaacha mwani, mwanawe atakuwa mwalimu. Magoti yake yalikuwa yanavimba kila akitoka majini, na alikuwa anahesabu kuwa huo ndio msimu wake wa mwisho.

Katibu akanifuata ukumbini, akanivuta pembeni karibu na ngazi.

"Mwanangu, mimi nilifahamu," akaninong'oneza.

"Ulifahamu nini?"

"Kuwa huswali, uko kwenye zile siku."

"Sasa mbona hukusema, Mama?"

"Hee! Mbele ya wanaume wote wale? Ningekutia aibu."

"Aibu?" Sauti ilinipanda, na sikuiteremsha. "Nshaitwa mwizi humo ndani, tena mbele ya wanaume hao hao! Nnakwenda Chwaka sasa hivi kumwambia mama yangu arudi majini mwaka mwengine. Hiyo hukuiona aibu?"

Akanishika bega. Macho yake yalikuwa yameshajaa machozi, na nadhani alinihurumia kweli, jambo lililonitia hasira zaidi.

"Subiri, mwanangu. Mungu atakulipa."

"Atanilipa," nikamwambia. "Lakini leo aliyekuwa na kalamu ni wewe."

Nikautoa mkono wake begani, nikashuka ngazi bila ya kumuaga.