Ruta Zinazoamkiana

"Laki tatu za nini, na mtandao haujakatika hata siku moja?" alifoka mwenye gesti moja ya Ngamiani, kiganja kakibana juu ya droo ya fedha.

"Haukatiki kwa sababu niliufunga mimi, mzee wangu," nikamjibu kwa uchovu. "Juzi katapila lilikata waya upande wa Kigombe. Ruta nilizokufungia, vile visanduku vya kuelekeza mtandao, huamkiana kila mara. Moja isipoitikia, zilizobaki hupashana habari na kupitisha mawasiliano njia nyingine, bila kumngoja fundi."

"Basi nizilipe hizo ruta!"

Tangu siku hiyo nikimpa shikamoo haitikii, na simu hapokei. Nami nimefanya kama ruta zangu, nimepitia njia nyingine: hapa gazetini. Mzee, nataka laki tatu zangu.