Bolti Nne na Koleo la Babu

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilianza kwa furaha, na furaha hiyo niliileta mimi mwenyewe nyumbani, imefungwa ndani ya kitambaa. Sogea karibu, maana sauti yangu siku hizi inachoka kabla sijamaliza maneno.

Ulikuwa wakati wa Mdachi, na reli ilikuwa imefika kwetu Ugogo muda si mrefu. Hapo mnapopaita Makole leo palikuwa miiba mitupu, na tembe letu lilikuwa mbele kidogo, upande wa mawio. Nilikuwa kijana wa kuoa, ndevu zimeanza kuniwasha, lakini akili, kama ilivyo desturi yake, ilikuwa bado njiani inakuja.

Babu yangu, Mzee Ndahani, alikuwa mhunzi. Ndiye aliyenilea, kwa sababu mama alifariki siku niliyozaliwa, na baba alikwenda upagazi asirudi. Babu alininywesha maziwa ya mbuzi kwa kibuyu, akanibeba mgongoni huku anafua chuma, mpaka wanawake wakamtania kwamba amejifungua uzeeni. Kila mwaka kabla ya mvua alinifulia kijembe kipya kinacholingana na mkono wangu. Vyote alivitundika ukutani kwa mpangilio, kidogo mpaka kikubwa. Mtu huyo sikumwona amekaa bure hata siku moja, isipokuwa mwaka ule.

Mwaka ule hakukuwa na chuma. Watu waliozoea kutuletea mabonge kutoka milimani walikuwa wameacha kuyeyusha tangu majembe ya dukani yaingie. Mvua ilikuwa inanukia, majirani wanakuja kuuliza majembe, na babu amekaa mbele ya tanuri lililopoa. Alikuwa analifuta koleo lake, lile alilorithi kwa baba yake, analiweka chini, kisha analichukua tena kulifuta. Roho iliniuma sana kumwona hivyo. Ndipo nikafanya nililofanya.

Nilikuwa nimefanya kibarua cha kufyeka kandokando ya reli, na nilikuwa na spana iliyosahauliwa na mafundi vichakani. Asubuhi ile nilikwenda kwenye kona ya reli, karibu na korongo. Pale reli mbili zinapoungana, mwanangu, hufungwa kwa bamba la chuma na bolti nne nene. Nikazifungua zote nne. Reli haikusogea hata kidogo, nami nikajisemea, chuma kirefu namna hii, hizi nne Mdachi atazikumbuka wapi?

"Nimeziokota porini, babu," nilimwambia.

Alicheka kama mtoto. Mara moja moto ukawaka, mimi kwenye mivukuto napuliza makaa, yeye na nyundo kwenye fuawe. Ya kwanza ilipokuwa nyekundu aliigonga mara mbili, kichwa chake kikapondeka. Akanyoosha mkono kuchukua ya pili, akasita. Aliisugua kwa kidole gumba, akakinusa kidole.

"Hii umeiokota wapi?"

"Porini, babu."

"Porini chuma hushika kutu, mjukuu wangu. Hiki kina mafuta, na hapa shingoni kinang'aa. Kilikuwa kazini hiki. Nakuuliza mara ya pili."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikomea palepale. Nikamweleza yote, nikainamisha kichwa nikingoja kofi. Kofi halikuja. Babu alikuwa anatazama jua.

"Gari la moshi linapita wakati gani?"

"Jua likianza kushuka."

"Na ndani yake yumo nani?"

"Wazungu," nilisema.

"Na mume wa shangazi yako? Na vijana waliokwenda kupasua kokoto? Wao wanarudi leo kwa miguu?"

Tangu asubuhi nilikuwa nasikia kinu cha shangazi, anatwanga uwele wa kumpokea mumewe, na wala sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwaandalia.

Babu alichukua nyundo, bolti tatu nzima na nati zake, koleo likiwa bado mkononi, nami nikachukua spana. Ile iliyopondeka aliiacha, haikuweza tena kuingia tunduni. Tukakimbia. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu miaka mingi, lakini siku ile alikimbia nalo vilevile, anachechemea katikati ya miiba, nguo inabaki vipande vipande nyuma yake. Tulipopanda kile kilima kidogo tukauona moshi.

Tulipofika kwenye bamba nikaingiza bolti ya kwanza na ya pili. Ya tatu nati ikaniponyoka, ikapotea kwenye kokoto. Nilikuwa nachakura kama kuku, nalia.

"Taratibu," babu alisema. "Inatafutwa kwa macho, si kwa kucha."

Nikaiona. Nikaikaza ya tatu. Magotini nilihisi reli imeanza kutetemeka.

"Tatu zinatosha, babu, tuondoke."

Babu alilitazama koleo lake, akaliweka juu ya bamba, akapiga msumari wa kiungo chake mpaka ukaruka, koleo likagawanyika vipande viwili. Mkono wa kipande kimoja akauchomeka kwenye tundu la nne, akaupigilia kwa nyundo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, filimbi inalia korongoni, nami namvuta kwa shuka na yeye hatoki mpaka chuma kishike. Ndipo tukajitupa vichakani.

Gari lilipita. Bamba lililia, lakini lilishika. Kwenye mabehewa ya wazi vijana wetu walikuwa wanaimba, na mume wa shangazi alituona, akatupungia kitambaa akidhani tumekuja kumlaki.

Njiani kurudi babu alisema neno moja tu. "Wakija kuuliza, koleo nitalisema mimi, maana ni langu. Bolti zina mwenyewe."

Walikuja siku ya tatu, nyapara wa reli na askari wawili, na kile kipande cha koleo mkononi, wamekichomoa relini. Watu walikusanyika uani kwetu. Nyapara aliuliza kipande kile ni cha nani. Mhunzi pale kijijini alikuwa mmoja tu.

"Changu," babu alisema.

"Nani aliyetoa bolti?"

Babu hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. Askari mmoja akamfunga mikono, wakaanza kumvuta kwenda naye bomani. Nami, mwanangu, nilisimama tu. Macho yangu yalikuwa kwenye kile kiboko kiunoni mwa askari. Walimpitisha tanurini, wakampitisha ghalani, walipofika kwenye zizi la ng'ombe ndipo sauti ikanitoka.

"Ni mimi. Mwacheni, ni mimi."

Bomani nilipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Babu alinifuata kwa goti lilelile, akakaa nje juani mpaka nilipotolewa, akanipaka mafuta ya kondoo mgongoni, akanishika kiunoni tukatembea hivyo mpaka nyumbani. Hakunilaumu, na hilo lilinielemea kuliko lawama. Tulipolifikia zizi alisimama kupumzika.

"Siku ile nilikuwa nahesabu hatua," alisema. "Nilisema moyoni, nikifika zizini hajasema, nimelea bure."

Mgongo ulipona, mwanangu. Lakini kile kipande cha njia, kutoka tanurini mpaka zizini, mpaka leo nakipita nikiwa nimelala.

Nyapara alikuwa amekitupa kile kipande cha koleo uani. Babu alikinyoosha, na kwa kuwa chuma hakikuwepo, akaenda ukutani akatungua kijembe kilicho kidogo kuliko vyote, kile cha kwanza alichonifulia, akakifua kuwa msumari wa kukiunganisha na kipande kile kingine alichokuwa amerudi nacho. Bolti iliyopondeka aliirudisha mwenyewe kwa mafundi wa reli. Alifanya kazi kwa koleo hilo mpaka mwaka aliokufa.

Nasaha yangu ndiyo hiyo. Usichukue kitu kwa sababu tu unayempenda anakihitaji. Kwanza uliza kilikuwa kinashika nini pale kilipokuwa. Na ukikosa, kwa maana utakosa, usimwache mwingine atembee hatua zako. Sema mapema, sema hapo tanurini, kabla ya ghala na kabla ya zizi.

Haya, koleo lenyewe hili hapa, lipokee kwa mikono miwili. Huo mkono uliokwaruzwa ndio ulioshika reli, na msumari huo katikati ni kijembe changu. Mungu akupe mikono isiyochoka, akupe mzee wa kukusubiri nje juani, na akupe ulimi usiochelewa kama wangu.