Fundo la Sura ya Mwisho

Nyuma ya jengo la mahakama kuna uchochoro mwembamba usiopata jua ila adhuhuri. Humo kuna chumba kimoja chenye cherehani, pasi, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na majoho meusi yaliyotundikwa ukutani. Mtu akiingia ghafla hudhani amekuta kundi la watu wamesimama wakimsubiri. Mwenye chumba, mama mfupi anayening'iniza miwani shingoni kwa kamba, huwatoa wageni hofu.

"Hao hawana neno," husema. "Nimekaa nao miaka na hata salamu hawajaijua."

Yeye ni fundi wa majoho. Mawakili na mahakimu wa mji huo wamepita mikononi mwake karibu wote. Anajua bega la nani limeshuka, na kitambi cha nani kinatafuta mahali pa kujificha. Lakini mahakamani kwenyewe hajaingia kusikiliza kesi hata mara moja. Kazi yake ni kuwavika, na wakishavikwa huondoka. Kesi anazozijua yeye ni za vitabuni.

Vitabu hivyo viliachwa na hakimu mmoja mzee aliyekuwa anastaafu. Alileta joho lake lishonwe kwapa, akaweka na kasha la riwaya mezani, akasema atavipitia vyote pamoja. Hakupita tena. Joho lake lipo mpaka leo kwenye msumari wa mwisho, na feni ikilipiga, mkono mmoja huinuka kidogo kama wa mtu anayetaka kuuliza.

Fundi alianza kuzisoma riwaya zile baada ya kufiwa na mumewe. Mume huyo alirudi kutoka kazini siku moja akicheka peke yake, akasema, "Leo nimeona kituko, ngoja nijinyooshe kidogo nikusimulie." Akajinyoosha, na hakuamka. Binti yao alikuwa ameshaolewa mbali. Nyumba ikabaki na viti vingi kuliko watu, na mama wa watu akabaki na kituko asichokijua.

Riwaya zote zilikuwa za namna moja. Mtu ameuawa, asiye na hatia yumo kizimbani, mashahidi wanapanda na kushuka. Kisha, katika sura ya mwisho, wakili anasimama na kuuliza swali dogo tu, na muuaji, ambaye ameketi pale pale tangu mwanzo, anabadilika rangi. Zilikuwa riwaya za zamani, kurasa zimeiva rangi ya chai. Fundi alizipenda kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Waliohusika wote walikaa katika chumba kimoja mpaka jambo likaisha, na lililofichwa likasemwa kwa sauti, na kila mtu akalisikia.

Alipozimaliza alizirudia, na hakuzichoka. Ila aliona kuna kitu kimepungua. Muuaji alikuwa anamjua tayari. Kilichobaki cha kumsisimua ni uso wa mtu ambaye bado hamjui muuaji. Basi akaanza kuazima watu vitabu, kwa sharti lake mwenyewe. Sura ya mwisho ya kila riwaya aliishona kwenye ukingo wa nje kwa uzi mweusi, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, isifunguke. Msomaji akifika kwenye uzi ilimpasa arudi dukani, aketi kwenye kigoda cha wateja, aseme muuaji ni nani na kwa nini. Ndipo fundi huchukua mkasi na kuukata uzi, na msomaji husoma mwisho pale pale huku fundi akimtazama usoni. Kisha anaushona tena kwa ajili ya mwingine.

Zamani walikuja wengi: makarani, muuza magazeti, mke wa mlinzi ambaye katika kila kitabu alimhukumu mume wa marehemu. "Mume ni mume tu," alikuwa akisema, "hata kama hakuua, alifikiria." Fundi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Lakini simu zilipoingia mikononi mwa watu, mmoja mmoja walipungua, kama wageni wa msiba. Mwishowe alibaki msomaji mmoja.

Huyo alikuwa mstaafu wa mahakama. Maisha yake yote alisimama mlangoni akiita majina ya wenye kesi na kuwaamuru watu wanyamaze, na kwa hiyo jina lake likawa Mzee Kimya. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye kofia ya sufi aliyoivaa hata kwenye joto. Kila Ijumaa alasiri alifika na kitabu kwapani.

"Fundi, shika mkasi."

"Keti kwanza, mzee. Mtu hahukumu amesimama."

"Mimi nimezoea kusimama. Nikikaa akili inalala." Hata hivyo aliketi. "Ni mpwa wa marehemu. Yule mwenye saa ya mfukoni."

"Kwa nini yeye?"

"Aliulizwa mvua ilianza lini, akajibu papo hapo. Mkweli hukuna kichwa kwanza."

Fundi alikata uzi, mzee akasoma, na ikawa kweli ni mpwa. Kila Ijumaa ikawa kweli. Mzee Kimya hakukosea kamwe.

Na fundi alijua kwa nini. Alijua tangu kitabu cha kwanza.

Uzi ulikuwa mweusi kama wake, lakini fundo halikuwa lake. Yeye hufunga fundo pembeni na kulizamisha ndani ya pindo, kama afanyavyo kwenye joho, lisionekane. Fundo alilolikuta lilikuwa katikati, upande wa nyuma, limekazwa na kurudiwa. Hivyo ndivyo watu wa mahakama wanavyoshona mafaili yao. Mzee alikuwa akiufumua uzi nyumbani, anasoma mwisho, kisha anashona upya, na mikono yake ilifanya ilichozoea kufanya bila kumuuliza.

Fundi hakusema. Alijua akisema atakuwa na ushahidi mkononi na kigoda kitupu mbele yake. Akachagua kukata uzi ule kila Ijumaa kana kwamba ni wake, na kumtazama mzee akijifanya anashangaa. Mzee hakujua kujifanya. Nyusi alizipandisha kabla hajafika kwenye jina. Ule uso wa asiyejua, ambao fundi aliutafuta kwa sindano na uzi, haukuwemo. Lakini mtu alikuwemo, na chai ilimiminwa vikombe viwili.

Ingeendelea hivyo kama si Ijumaa moja alipoingia wakili mgeni, binti aliyekuja kupima joho lake la kwanza. Alisimama mbele ya kioo, mikono ameinyoosha kama nguo iliyoanikwa, akimsikiliza mzee akitoa hukumu. Fundi alipokata uzi na maneno ya mzee yakawa kweli, binti alishusha mikono.

"Babu, umejuaje?"

"Mjukuu wangu, haya hayafundishwi." Mzee aliivuta kofia nyuma. "Ni kukaa mahakamani. Mtu akikusemesha unamwona mpaka ini. Fundi hapa vitabu hivi kavisoma mara ngapi, muulize. Bado ananisikiliza mimi. Si kosa lake, ushonaji ni ushonaji."

Binti alicheka. Fundi naye alijaribu kucheka, na kicheko kikakwama. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, kisha akageuza kitabu upande wa nyuma na kukisukuma mbele ya mzee.

"Fundo hili si langu, mzee," alisema. "Mimi sifungi katikati. Wanaofunga katikati ni watu wa mafaili."

Hakupaza sauti. Binti alitazama kitabu, akamtazama mzee. Mzee alilitazama fundo lake muda mrefu, na ndipo fundi akauona uso ule wa sura ya mwisho, wa mtu aliyekaa pale pale tangu mwanzo na sasa anabadilika rangi. Hakuufurahia. Mzee aliinuka, akairudisha kofia mahali pake, akasema, "Samahani, fundi," akatoka. Chai yake ilibaki na moshi.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata. Fundi alibandika birika kwa mazoea, akalipunguza maji, kisha akaacha kulibandika. Kila nyayo zilizopita uchochoroni zilimfanya ainue kichwa kutoka kwenye cherehani, na majoho nayo yakawa kama yameinua. Jioni moja binti yake alipompigia simu, alijaribu.

"Ngoja nikusimulie kesi, uniambie nani kaua."

"Mama, nipo jikoni. Nani kaua?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe."

"Si usome tu mwisho, mama? Si kitabu kipo hapo?"

"Kipo."

"Haya basi." Mtoto mchanga alilia nyuma yake. "Umekula lakini?"

"Nimekula," alisema fundi, na hakuwa amekula.

Siku iliyofuata alifunga duka mapema, jambo ambalo mawakili walilizungumza, akachukua kitabu kimoja ambacho mzee hakuwahi kukiazima. Nyumba haikuwa ngumu kuipata. Kila aliyemuuliza alimjua Mzee Kimya. Alimkuta kwenye kiti cha plastiki ndani ya mlango wake, ameketi akiangalia nje. Chumba nyuma yake kilikuwa kimepangwa vizuri mno, kama cha mtu asiye na wa kumharibia. Mzee alitaka kusimama.

"Kaa, mzee. Mimi ndiye niliyekuja."

Akamsogezea stuli. Fundi alipoketi, mzee alianza mwenyewe.

"Unajua kazi yangu ilikuwa nini?"

"Kuita watu."

"Kuita, ndiyo. Naingia, naita jina, anaingia mwenyewe. Nawajua tangu siku ya kwanza, wake zao, watoto wao wananizoea. Kesi inakwenda, inakwenda. Siku ya hukumu watu wanajaa, wanasukumana. Basi naambiwa nitoke nje, nifunge mlango, niwazuie wa nje." Aliuonyesha mlango wake kwa kiganja. "Hukumu inasomwa, mimi nimeupa mlango mgongo. Nasikia vilio tu. Kilio cha furaha na cha msiba, nyuma ya mbao, ni kimoja. Nilikuwa nauliza baadaye. Wengine wananiambia, wengine wamechoka, wanasema, 'Mzee, yameisha.'"

Fundi aliutazama ule mlango.

"Mke wangu alikuwa akienda kunidodosea mitaani, ananiletea. Sasa hayupo. Na wewe unanipa kitabu umekishona." Alicheka kidogo bila furaha. "Nilisema nikivumilie mpaka Ijumaa. Siwezi, fundi. Nalala nimeupa mgongo ule mlango. Nikachukua sindano. Halafu nikaona haya kusema, na sifa nazo ni tamu."

Fundi aligeuza kitabu magotini. Alitaka kumwambia habari ya kituko, ya mumewe aliyejinyoosha kidogo. Akamwambia. Hakuwa amemwambia mtu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ambao haukuwa na mwisho, akatikisa kichwa.

"Na hukupata kujua?"

"Niliwauliza wenzake wa kazini. Kila mmoja alikuwa na kituko chake."

Aliinuka, akamwekea kitabu mapajani.

"Nimekishona. Mkasi ni wako, nyumba ni yako, ukikata sitauliza. Lakini Ijumaa uje, mzee. Uje hata kama umekata."

Mzee hakuahidi. Fundi alirudi kwake njia ndefu, akijua labda amepeleka kitabu ambacho hakitarudi.

Ijumaa alasiri alibandika birika lililojaa. Alasiri ikapita, uchochoro ukaanza kuingia giza. Alikuwa ameshachukua kufuli mkononi alipoiona kofia ya sufi. Mzee aliingia, akaketi kwenye kigoda bila kuambiwa. Macho yalikuwa mekundu.

"Fundi, sijalala," alisema. "Nimekaa na muuaji ndani ya nyumba wiki nzima na simjui ni yupi."

Fundi alikichukua kitabu, akapitisha kidole gumba kwenye pindo. Fundo lilikuwa pembeni, limezama.

"Haya. Sema."

"Ni daktari." Mzee alifuta jasho. "Ndiye pekee anayejua sumu. Na ile glovu iliyopotea. Ni yeye. Au mtunza bustani. Hapana, daktari. Andika daktari."

"Siandiki kitu. Ndiyo hukumu yako?"

"Ndiyo hukumu yangu."

Alikata uzi, akampa. Mzee alisoma kwa midomo, kidole kikitembea chini ya mistari. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili asipitwe. Kidole kilisimama. Nyusi hazikupanda, taya ndiyo iliyoshuka, taratibu, na macho yakarudi nyuma mstari mzima kuhakikisha.

"Dada wa mshtakiwa?" alisema. "Yule aliyekuwa akimletea chakula kila siku? Yule mpole?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, mzee. Mambo ya nguo ungeniachia mimi."

"Nilimpenda yule dada."

"Sote tulimpenda."

"Nimekosea," alisema Mzee Kimya, kwa mshangao, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Kumbe nimekosea kabisa."

Fundi alimimina chai. Alijua akitoka mzee, jioni itakuwa ndefu, na nyumbani viti ni vile vile. Alichukua sindano, akaulowesha uzi mdomoni, na badala ya kuanza kushona akamsukumia sindano mzee.

"Hebu nionyeshe lile fundo lenu," alisema. "Linashika kuliko langu."