Rupia Zilizosuguliwa kwa Majivu

Leo dukani kwangu mama mmoja amenipa rupia ya fedha nimwambie ubora wake, na kabla sijashika lenzi nimenusa ndimu na majivu. Hasira imenipanda hapo hapo, na mama wa watu hajanikosea kitu.

Nyumbani kwetu Kolwezi, nkambo, mama yake mama, alikuwa na rupia saba alizoachiwa na wazee wake, wafanyabiashara waliotoka mashariki. Zilikuwa nyeusi kama mgongo wa sufuria. Siku moja akaja tata mmoja, bwana mnunuzi wa vitu vya zamani. Akazigeuza moja moja, polepole, akatabasamu.

"Mama, hii iko na buchafu mingi. Usafishe muzuri, kesho nitarudia na bei ya kweli."

Nkambo alisugua kwa ndimu na majivu mpaka vidole vikapasuka. Mi nilimwagia maji. Zikang'aa kama sahani za arusi.

Kesho yake yule tata akashika kichwa. "Mama! Muliharibisha. Ile bweusi ndiyo ilikuwa na bei." Akazirundika zote kwenye mizani ya kupimia mawe ya wachimbaji, akalipa uzito tu.

Nkambo akamwomba msamaha. Msamaha! Na chai akampikia.

Sasa namuuliza huyu mama: "Nani alikuambia usugue?"

"Tata mumoja alipita jana. Alisema leo mangaribi atarudia kwangu."

Nimefunga duka. Lenzi iko mfukoni. Tunaenda kumngoja pamoja.