Nani Alikuwa Anaendesha

Harufu ya klachi inayoungua naijua hata nikiwa nimefumba macho. Juzi ilinifikia kazini, kwenye ghala la Dubai Airport Freezone, lori lililojaa makatoni lilipokuwa likirudi nyuma kupanda mteremko wa kupakulia mizigo. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilisimama palepale, hasira ikanipanda kama niliyetukanwa, kwa sababu harufu ile inanirudisha Naxos, kisiwa cha Ugiriki, kiangazi nilipokuwa na miaka tisa, ndani ya gari dogo jeupe la kukodi. Inanirudisha pia kwa mtu ambaye sijamsamehe.

Sisi ni watu wa Unguja tuliohamia Dubai. Nyumba yetu ilikuwa Al Twar, na Ami Nassor, kaka mkubwa wa baba, alikaa mtaa wa pili. Kwetu kaka mkubwa ni baba. Akiingia sebuleni watu wanainuka kumpisha, na akisema khalas, mazungumzo yamekwisha. Mapumziko yale aliyapanga baba kwa ajili yetu watatu, lakini Ami aliposikia akasema na yeye anakuja, maana mkewe alikuwa Muscat kwenye harusi na nyumba imempwaya. Baba akatabasamu. Mama alikwenda jikoni, nikasikia mlango wa kabati ukifungwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mama yangu alikuwa dereva, na hili nataka lieleweke kabla sijaendelea. Alijifunza kwa gari la gia za mkono wakati wanawake wengi wa ukoo wetu walikuwa bado wanangoja kupelekwa. Kila asubuhi aliniacha shuleni, kisha akaendelea hadi Freezone hiyohiyo ninayofanya kazi leo, ambako alikuwa karani wa mizigo. Kwenye foleni alikuwa akiimba polepole, mkono mmoja kwenye usukani, buibui likinukia udi, na mimi nyuma yake nikitazama macho yake kwenye kioo. Nyumbani alikuwa mke wa mtu na shemeji wa mtu. Ndani ya gari alikuwa Zuhura.

Naxos tulimkuta mama mmoja wa Kigiriki mwenye duka la kukodisha magari, miwani ya jua ameipachika kichwani, na magari yake yote yalikuwa ya gia za mkono. Baba na Ami walikuwa na leseni za otomatiki tu, kama watu wengi Dubai. Basi aliyeandikishwa kuwa dereva alikuwa mama peke yake, na mimi nilitembea kwa maringo hadi garini. Siku zile za mwanzo zilikuwa tamu. Mama alituzungusha kisiwa kizima, madirisha wazi, harufu ya majani makavu ya milimani ikiingia pamoja na vumbi. Mbuzi walilala katikati ya barabara, naye akangoja mpaka waamue wenyewe kuondoka. Tulinunua jibini kwa bibi mmoja aliyevaa nyeusi tupu, tukaila kwa mkate kando ya njia, na kila tulipopinda kona bahari ilijitokeza upande tusioutarajia. Ami alikaa mbele kwa sababu ya ukubwa wake, akatoa amri safari nzima: taratibu, sasa pita, yalla, mbona unasita. Mama akajibu ndiyo, shemeji, akaendelea kuendesha kama alivyoona yeye.

Kisha baba akaumwa tumbo, akabaki hotelini, sisi watatu tukaenda kuona kijiji cha mlimani. Mahali nyumba zinapoanza palikuwa na mkahawa, na wanaume wazee walikuwa wamekaa nje wakinywa kahawa. Ami akamwambia mama asimamishe gari. Alisema hawezi kuingia mji wa watu, mtu mzima kama yeye, akiendeshwa na mke wa mdogo wake mbele ya wanaume. Mama akamkumbusha kwamba gari si la otomatiki. Ami akajibu kwamba gia za mkono aliziendesha Unguja tangu mama hajazaliwa. Wale wazee, kwa taarifa, hawakuwa wakitutazama hata kidogo. Mama akashuka, akaja kukaa nyuma karibu yangu, akashika kishikio cha juu ya mlango.

Ami alizoea barabara za Dubai, ambako ukikosea njia kuna nyingine pana mbele. Akaingia kwenye kichochoro cha mawe ambacho hata punda wawili wasingepishana. Gari likazima, likawaka, likaruka, likaanza kunguruma, ile harufu ikajaa ndani hadi nikakohoa. Tukasikia ukuta ukikwaruza ubavu mzima, kisha kioo cha pembeni kikaanguka. Wazee waliacha kahawa zao wakaja kusukuma. Mwishowe ni mama aliyekaa kwenye usukani akalirudisha gari nyuma, polepole, bila kugusa jiwe lingine.

Njiani Ami alisema kwamba yeye hakuandikishwa kuendesha, kwa hiyo bima haitolipa, na bora tuseme alikuwa mama. Mama akakubali. Dukani akasema ni yeye, yule Mgiriki akimtikisia kichwa, na hilo mimi naliona ni msaada aliotoa kwa familia. Lakini uongo ule ulikuwa wa dukani, na ulipaswa kuishia hapohapo. Tulipofika hotelini, mama hajavua hata viatu, Ami alikaa ukingoni mwa kitanda cha baba akaanza kucheka.

"Gari tumelivunja," akasema. "Shemeji ndiye aliyekuwa anaendesha."

Nikasema si kweli, alikuwa Ami. Baba akanikemea kwamba watoto hawaingilii maneno ya wakubwa. Nikamtazama mama, nikingoja. Alikuwa na maneno mdomoni, niliyaona. Lakini kuyasema ilikuwa kumfanya mkubwa wa nyumba mwongo mbele ya mdogo wake, na mama alilelewa asifanye hivyo. Akanishika mkono.

"Nyamaza, mwanangu."

Ami angeweza kuuacha uongo ule Naxos. Alipanda nao ndege. Kila Idi aliusimulia juu ya sinia la biriani, na kila Idi kichochoro kilizidi upana na mama alizidi ujinga. Watu walicheka, baba akaona aibu, mwishowe akamwambia mama apumzike na kuendesha. Gari likauzwa. Bila gari, shule yangu na kazi yake hazikupatana, naye akaacha kazi. Leseni ikaisha muda ndani ya droo. Baba alifariki akiamini maneno ya kaka yake, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Sasa macho ya Ami yamefifia, wanawe wako Kanada, na lazima aende kliniki kila wiki. Alinipigia mimi. Kutoka Jumeirah Village Circle ninakokaa hadi Al Twar ni kukatisha mji mzima, lakini nilikubali kwa furaha, maana msimu mzima wa baridi nilikuwa nimempeleka mama shule ya udereva bila kumwambia mtu, na leseni alikuwa nayo mkononi. Nilikuwa pia na hotuba, nimeitunga tangu utotoni, yenye kila neno linaloumiza.

Ami akatoka na fimbo yake, akapapasa mlango wa mbele. Hapo nilikuwa nimekaa mimi, nikateremsha kioo.

"Nyuma, Ami."

Akaingia nyuma. Ndipo alipotambua harufu ya udi na kujua nani ameshika usukani. Mama aliingia barabara kuu kwa mwendo ule wa zamani, akapita kati ya mabasi mawili, nami kwenye kioo nikamwona Ami akitafuta kishikio cha juu ya mlango. Nikafungua mdomo kuanza hotuba yangu. Mama akanitangulia, macho yake mbele.

"Usiogope, shemeji. Hapa hakuna ukuta."

Kliniki, mlinzi wa Kiganda aliyezoea kumpokea akaja kumshika mkono, akamuuliza, "Mzee, leo ni nani amekuleta?"

Ami aliinamisha uso.

"Shemeji yangu ndiye aliyekuwa anaendesha," akasema.

Mama akazima gari akashuka. Mimi nilibaki garini, na bado sijamsamehe. Nataka ayaseme ya Naxos siku ya Idi, juu ya sinia, mbele ya wote waliocheka, na mpaka siku hiyo atakuwa anakaa nyuma.